Stenti ya shingoni: mshipa unabadilikaje miezi ikipita? Ripoti mbili za mzee zinapingana

MwanaUyole
Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ni mstaafu yuko Tukuyu, mwaka jana mkono wa kulia ulikufa ganzi ghafla na maneno yakawa hayatoki, baada ya nusu saa hivi akarudi sawa kabisa. Kupimwa wakakuta mshipa wa shingo upande wa kushoto umebana vibaya, tukampeleka Dar akawekewa stenti, kile kimrija cha wavu wa chuma cha kushikilia mshipa uwe wazi. Mwezi uliofuata wakampima na utrasaundi ya dopla, spidi ya damu ndani ya stenti ikasoma sentimita 128 kwa sekunde, wakasema safi. Sasa juzi kapimwa hapa Mbeya imesoma 236 na karatasi imeandikwa "kubana asilimia 70 au zaidi". Nimeichukua hiyo karatasi kwa daktari mwingine kaitazama dakika mbili kasema tulieni, mshipa wenye stenti ndo unavyosomaga hivyo. Nimwamini nani? Na jamani ukishaweka chuma ndani ya mshipa, miaka inavyoenda mshipa wenyewe unafanyaje, unapona, unazoea au unaziba tena? Karibuni wajuvi.

Mwaisa_wa_Kyela
Nimetandika mkeka, ngoja waje wenye fani. Mpe pole mzee, ndaga.

FundiBomba_Mafiati
Mimi udaktari sijasoma ila maji nayajua. Mpira wa bustani ukiubana na kidole maji yanaruka mbali, yanaenda mbio kwa sababu tundu limepungua. 128 kwenda 236 ni karibu mara mbili, tundu limepungua, hapo hamna cha kutulia. Huyo aliyesema tulieni anawapoza tu.

NesiMstaafu_Njombe
Kamwene wote. Fundi kanuni yako sawa, ila mshipa wa damu una ukuta unaonepa, kila moyo unapopiga unatanuka kidogo halafu unarudi. Ukishaweka stenti kipande kile kinakuwa kigumu, hakinepi tena, basi damu inapita kwa kasi zaidi hata kama tundu ni lilelile. Ndo maana mshipa wenye stenti una mizani yake. Mshipa usio na kitu ukifika 230 wanaandika 70 na kuendelea, na hapo ndo naona mwandishi wa ripoti yako alipoishia. Lakini mizani ya wenye stenti iliyotolewa Marekani mwaka 2008, na inatumika sana, inasema 220 ndo unaanza kusema nusu imebana, na huandiki 80 mpaka ifike 340. Kwa hiyo mzee kwa mizani hiyo yuko kwenye nusu na kidogo. Sio 70, ila pia sio "hamna kitu". Halafu nikuulize, mashine ilikuwa ileile?

MwanaUyole
Hapana mama, ya kwanza Dar ya pili hapa. Hii ya pili nilikuwepo mle ndani. Mzee kafungua vifungo viwili vya shati kageuza uso ukutani, yule dada kampaka ile jeli ya baridi mpaka mzee kashtuka akasema "nyie mnaitoa Kitulo hii?". Kila akisogeza kile kidude kidogo tu namba inaruka, 190, mara 210, mara 236, mwisho kaandika 236 kaprinti.

Injinia_Mafinga
Hapo penyewe. Dopla haipimi spidi moja kwa moja, inapima mwangwi halafu inakokotoa kwa pembe kati ya mawimbi na mwelekeo wa damu. Pembe inatakiwa isizidi nyuzi 60, ikizidi hapo kosa dogo la kuilaza ile alama kwenye skrini linaongeza namba hovyo hovyo. Ukichanganya mashine mbili na wapimaji wawili, 30 au 40 ya kupotea ni kawaida. Mimi ningesema umelinganisha vipimo viwili visivyolingana, basi.

NesiMstaafu_Njombe
Injinia kuchukua ile namba ya juu kabisa ndo utaratibu, yule dada hajakosea. Na tofauti ya mashine sidhani inabeba zaidi ya 100. Wakubwa wanaofuatilia hawa wagonjwa wanatazama sana mwendo wa namba kutoka kile kipimo cha mwanzo, ndo maana kinafanywaga mapema ndani ya mwezi, kiwe msingi, halafu miezi sita, halafu kila mwaka. Namba ikipanda namna hii wanasogeza kipimo kinachofuata karibu.

Kibena_Baridi
Mnazunguka bure. Kapimwa mwezi gani? Kama ni Juni au Julai jibu ni baridi. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, spidi inapanda. Huku kwetu wazee wanadondoka sana msimu huo. Dar joto, 128. Mbeya baridi, 236. Kesi imeisha.

FundiBomba_Mafiati
Hahaha kwa hiyo dawa ni kumhamishia mzee Kyela.

Mwaisa_wa_Kyela
Aje tu, mchele upo samaki wapo, stenti itatulia yenyewe.

Dogo_Medisini
Wakubwa shikamooni, niko mwaka wa nne. Kibena ni kweli presha inapandaga msimu wa baridi na watu wanapata viharusi, lakini baridi inabana zaidi mishipa midogo ya ngozi na vidole, mshipa mkubwa wa shingo wenye chuma ndani haubanwi na baridi ya Njombe. Sasa swali lenyewe la mwanzisha uzi naona hatujaligusa.

Stenti ya shingoni ni ya kujitanua yenyewe, nyingi ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani. Haiishii kutanuka siku ile ya kuwekwa, inaendelea kusukuma kuelekea nje wiki na miezi, kwa hiyo wagonjwa wengi tundu linaongezeka kidogo baada ya kutoka hospitali. Yale mafuta yaliyoganda hayajatolewa, yamegandamizwa ukutani tu. Wakati huohuo mshipa umeumia, kwa hiyo seli za misuli laini za ukuta zinaamka na kuanza kuzaliana kuelekea ndani, zinavifunika vile vyuma, juu yake inajitandaza ngozi mpya laini. Ngozi hiyo inahitajika maana chuma kitupu kinagandisha damu. Shida ni pale nyama inapokua kupita kiasi. Kwahiyo kuna mashindano, stenti inasukuma nje, nyama inakua ndani, na anayeshinda anajulikana zaidi miaka miwili ya kwanza.

Na takwimu zinatia moyo. Utafiti wa CREST wa Marekani na Kanada, watu 2,502, baada ya miaka miwili walioziba tena upande wa stenti ni asilimia 6.0 tu, waliofanyiwa operesheni ya kukwangua mshipa 6.3. Kwahiyo uwezekano wa mzee kuwa kaziba kweli ni mdogo.

Bint_Tosamaganga
Dogo umechagua utafiti mtamu. Kuna ule mwingine wa ICSS, walifuatilia miaka mitano, upande wa stenti waliobana tena ni asilimia 40.7 na upande wa operesheni 29.6. Kutoka 6 mpaka 40, hapo unamwambiaje mtu atie moyo?

Dogo_Medisini
Dada hizo hazipingani. ICSS hiyo namba ni ya kubana kuanzia nusu, kwa miaka mitano. CREST walihesabu kuanzia 70 au kuziba kabisa, kwa miaka miwili. Na CREST ili wakuhesabu ulitakiwa ufike spidi 300, yaani mzee na 236 yake wasingemhesabu. Halafu mle ICSS kundi la stenti, waliobana tena hawakuonekana wakipata viharusi zaidi kwa kiwango cha kueleweka. Ile nyama inayokua miezi ya mwanzo ni nyororo na imara, haimeguki ovyo kama yale mafuta ya zamani.

Bint_Tosamaganga
Sawa ila mzee kwa mizani ya nesi tayari yuko kwenye kundi la hao 40. Usimwambie mdogo mdogo wakati yumo.

Dereva_Tunduma
Wataalamu mtuachie nafasi na sisi wa kawaida. Mjomba wangu aliwekewa hiyo kitu, siku ileile presha ikashuka mpaka 80 juu, mapigo yakaenda polepole, siku mbili wanamtazama tu na dripu. Kumbe pale shingoni panapogawanyika mshipa kuna sehemu inayopima presha, stenti ikiisukuma inadhani presha imepanda inaamrisha ishuke. Akarudi nyumbani dawa za presha wamempunguza kutoka tatu hadi moja, akatutambia hapa kijijini kapona presha. Miezi ikapita, siku anapima kawaida tu, 180. Kile kipimio cha shingoni kilishazoea chuma. Dawa zote tatu zikarudi mezani. Kwahiyo mwanzisha uzi angalia na presha ya mzee, usikazanie namba ya dopla peke yake.

Mama_wa_Ilula
Dereva umenikumbusha. Mama yangu sisi ilikuwa kinyume, presha ilipanda. Aliwekewa India, wiki ya kwanza akiwa kesharudi nyumbani kichwa kikaanza kumuuma upande uleule wa stenti, upande mmoja tu, jicho linavuta. Tukapeleka zahanati wakaanza kusema malaria, kupima hamna, wakataka kumpa dawa hivyohivyo. Dada yangu akang'ang'ania wapime presha, 210. Tukakimbia naye mjini. Daktari akatuambia ubongo wa upande ule ulikaa miaka na damu kidogo, ghafla umefunguliwa bomba lote, mishipa yake midogo haijajua kujikaza, presha ikiwa juu inaweza kupasuka. Waliishusha presha taratibu kwa siku kadhaa akawa mzima. Mpaka leo akisema kichwa wote tunaruka.

NesiMstaafu_Njombe
Ahsante mama wa Ilula, hiyo watu wengi hawaambiwi wakati wa kuruhusiwa. Kichwa upande mmoja na presha juu siku za mwanzo baada ya stenti ni kukimbia hospitali.

Kibena_Baridi
Bado hamjajibu kuhusu baridi.

FundiBomba_Mafiati
Kibena wewe vaa koti ukalale.

Ulanzi_Mtogwa
Nimechelewa nilikuwa kikao. Swali la muhimu mzee anavuta? Anakunywa? Anakula kitimoto? Maana watu wanawekewa vyuma halafu wanarudi kulekule kwenye nyama choma na pakti ya sigara, halafu wanalaumu mashine.

MwanaUyole
Sigara aliacha siku ileile mkono ulipokufa ganzi. Sukari anayo miaka mingi, haikai sawa. Dawa, alikuwa na aspirini na klopidogreli, ile klopidogreli iliisha baada ya miezi mitatu hatukuendelea. Sasa hivi aspirini, dawa ya mafuta anaruka ruka anasema inamuuma miguu, na omeprazo ya tumbo.

Ulanzi_Mtogwa
Ndo hiyo sasa! Mmekatisha dawa ya kuyeyusha damu halafu mnashangaa.

Dogo_Medisini
Mkuu taratibu. Hizo mbili kwa pamoja kiwango cha chini ni wiki nne, wengi wanapeleka mpaka miezi mitatu, baada ya hapo inabaki moja maisha yote. Kwahiyo mzee kamaliza. Na hizo zinazuia damu isigande kwenye chuma kabla ngozi mpya haijafunika, haziyeyushi damu na hazizuii ile nyama kukua. Ila hiyo omeprazo, alikuwa anakunywa tangu wakati wa klopidogreli? Maana inaizuia isiamke vizuri mwilini, mara nyingi mtu wa klopidogreli anabadilishiwa pantoprazo.

Kwenye sukari ndo ningekaa. CREST hiyohiyo walikuta wanaobana tena ni zaidi wanawake, wenye sukari na wenye mafuta yasiyo sawa kwenye damu. Sigara ilionekana upande wa operesheni, kwa stenti haikujitokeza.

Ulanzi_Mtogwa
Kwahiyo mwenye stenti avute tu?

NesiMstaafu_Njombe
We mtogwa umekomaa leo. Hilo ni la pale kwenye stenti tu, mishipa mingine yote ya moyo na ubongo na miguu sigara inaimaliza. Na mwanangu MwanaUyole hiyo dawa ya mafuta isirukwe, akilalamika miguu arudi wambadilishie aina au dozi. Ule ubanaji wa miaka ya mbele, baada ya miwili mitatu, ni ugonjwa wa mwanzo unarudi juu ya ile nyama mpya, mafuta yanajijenga upya ndani ya stenti.

Injinia_Mafinga
Kuna jambo la kimekanika nalo hamjalisema. Shingo inageuka, inainama, mshipa ule kwa wazee mara nyingi umejipinda. Ukiweka kipande cha sentimita tatu nne kilichonyooka, kile kipinda hakipotei, kinahamia juu pale stenti inapoishia. Kikikaza sana spidi inapanda pale. Na vyuma vyenyewe vinaweza kuvunjika, si mara nyingi, zaidi mshipa ukiwa na chokaa nyingi. Je, hiyo 236 ilisomwa katikati ya stenti au mwisho wa juu?

MwanaUyole
Nimechukua karatasi tena nisome vizuri. Imeandikwa sehemu ya kati ya stenti. Mshipa mkuu wa chini kabla haujagawanyika 88. Ya Dar ilikuwa 64. Halafu kuna mstari wa upande wa kulia, Dar waliandika "umebana sana", hii ya sasa imeandikwa "hakuna damu inayopita". Hilo lina maana?

Dogo_Medisini
MKUU. Hiyo si ndo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza ya uzi.

FundiBomba_Mafiati
Daah. Yaani kulia kumefungwa kabisa na sisi tunabishana na baridi.

Dogo_Medisini
Basi mambo yanabadilika. Kulia kukiziba, damu ya ubongo inavushwa kutoka kushoto kupitia ule mzunguko wa mishipa chini ya ubongo, wa Willis. Kushoto kunabeba mzigo wa pande mbili, spidi inapanda kila mahali upande huo bila stenti kubana hata kidogo. Na ushahidi ni huo, mshipa mkuu wa chini nao umepanda kutoka 64 hadi 88, na huko hakuna stenti.

Injinia_Mafinga
Piga uwiano basi. 128 gawa kwa 64 ni 2.0. 236 gawa kwa 88 ni 2.68. Kama ingekuwa mzigo tu uwiano ungebaki uleule, vyote vingepanda pamoja. Umepanda. Kwahiyo kuna kitu pale ndani.

NesiMstaafu_Njombe
Na ile mizani ya 2008 kwa nusu inataka 220 pamoja na uwiano wa 2.7. Mzee kasimama mlangoni kabisa, 2.68.

Bint_Tosamaganga
Kwahiyo Dogo na Injinia wote mna nusu nusu. Tena mmesahau damu pungufu, mzee mwenye sukari ya muda mrefu figo zikilegea damu inapungua, na damu ikipungua moyo unasukuma kwa kasi, spidi inapanda shingo nzima. Wingi wa damu kapimwa lini?

MwanaUyole
Mara ya mwisho Dar kabla ya stenti. Nitampima kesho kutwa, ahsante sana dada.

Dereva_Tunduma
Si mfanye siti skani yenye dawa muone tundu lenyewe mmalize ubishi?

Dogo_Medisini
Inasaidia, lakini vyuma vya stenti vinatoa kivuli kwenye siti, tundu linaonekana jembamba kuliko lilivyo. Emaraii ndo kabisa, nitinoli haina hatari mle ila pale kwenye stenti picha inapotea panakuwa peusi. Na ile dawa ya siti lazima figo zipimwe kwanza. Kile cha kupitisha mpira kutokea kwenye paja ndo kinaonyesha vizuri kuliko vyote, ila nacho kinaweza kuleta kiharusi, huwezi kukifanya kwa sababu ya udadisi.

FundiBomba_Mafiati
Sasa jamani tuseme mmepima na imebana kweli, wanafanyaje, wanatoa chuma?

NesiMstaafu_Njombe
Kutoa ni operesheni kubwa, mara chache. Asiye na dalili na yuko nusu mara nyingi wanamfuatilia tu na dawa. Ikifika kwenye 70, 80 au dalili zimerudi ndo wanaingiza puto kutanua, wengine puto lenye dawa, wengine stenti nyingine ndani ya ile. Ila kwa huyu upande wa pili umeziba, wenye maamuzi wanaweza kuwa na mkono mwepesi zaidi, maana huo wa kushoto sasa ndo anaoutegemea. Arudi Dar kwenye mashine ileile, na ripoti zote mbili mkononi. Na mkono ukilegea au maneno yakipotea hata dakika tano msisubiri basi la asubuhi, hospitali ya karibu saa hiyohiyo.

Injinia_Mafinga
Mimi bado nasema nusu ya hiyo 236 ni pembe.

Bint_Tosamaganga
Na mimi bado nasema damu.

Kibena_Baridi
MwanaUyole hujasema alipimwa mwezi gani.

MwanaUyole
Julai.

Kibena_Baridi
😎

Dogo_Medisini
Jamani msimpe huyu nafasi.

Mwaisa_wa_Kyela
Mkuu ukipanda basi la Dar na mzee nistue, nina mchele wa shemeji yangu Kimara, gunia nusu tu, halichukui nafasi.